Valvu za Nduku na Koil Yangu

Jumatatu, 10 Machi 2025

Naandika kwa daftari ya Nduku ya kidato cha tatu, kurasa nyingi zilibaki. Naandika kwa sababu huyu jirani wangu wa mlango wa pili, Aoko, mama Marvin, ana mdomo. Siku tutakapoitwa kuulizwa nani alianza, nataka iwe iko kwa karatasi. Alianza yeye.

Leo asubuhi pale kwa bomba, mbele ya watu watano, ananiambia, "Mama Nduku, huyo msichana wako atapiga gitaa mpaka lini? Si aolewe apumzike."

Nikamwambia, "Ataolewa na mtu mwenye masikio. Wewe shughulika na Marvin, amepiga besi miaka mitatu na bado anaangalia vidole vyake kama mtu ameangusha ufunguo kwa matope."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Nilibeba ndoo zangu mbili nikatembea kama bibi ya mbunge.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, huko Mwingi, lakini masikio sikunyimwa. Nduku wangu ana miaka ishirini na mbili, na hapa Kawangware 46 hakuna msichana mwingine anayepiga besi, lile gitaa la sauti nene. Hata wavulana, mimi sijasikia wa kumfikia. Sisemi kwa sababu ni wangu. Ni wangu, lakini si ndiyo sababu.

Jumamosi, 15 Machi

Mwalimu Geoffrey, anayeongoza kwaya na bendi ya kanisa letu, ametangaza leo baada ya mazoezi. Mwezi wa sita bendi inaenda kurekodi, halafu mkutano mkubwa Machakos. Mpiga besi ni mmoja. Ni Nduku ama Marvin. Watapimwa tarehe thelathini na moja Mei, hapo kanisani, na kila mmoja aje na mashine yake ya sauti kwa sababu ile ya kanisa iliungua Krismasi.

"Mashine gani, Mwalimu?" Nduku akauliza.

"Yoyote. Bora isikike mvua ikipiga mabati."

Kanisa lenyewe ni hilo la mabati nyuma ya ploti yetu, limeshikana na ukuta wa bafu. Stima yake inatoka kwa ploti yetu, waya umepita juu ya paa.

Aoko aliniangalia. Nami nikamwangalia.

Jumapili, 16 Machi

Mvua imeanza. Aoko amekalia benchi yangu ya kanisani makusudi.

Jumanne, 25 Machi

Leo nilifunga biashara yangu ya chakula mapema nikaenda na Nduku Kibera, kwa fundi Ojwang. Nduku amefanya kazi kwake miezi saba, anachomelea nyaya ndani ya maredio na maspika, na walikubaliana malipo yake yatakuwa mashine moja ya besi, achague mwenyewe.

Huyu Ojwang ni shemeji ya Aoko. Ndugu ya marehemu bwana yake, kabisa. Kwa hivyo niliingia hapo na macho manne.

"Karibu mama," akasema. "Nduku ana mkono mzuri."

"Najua. Ni mkono wangu."

Akatuonyesha. Nitaeleza vile nilivyoelewa. Sauti ya gitaa inapita mahali pawili. Kwanza inaingia kwa priamp, hapo ndipo inapikwa. Halafu inaingia kwa pawa, ambayo kazi yake ni kuisukuma mpaka kwa spika. Sasa kuna hizi chupa ndogo za kioo zinaitwa valvu. Zinawaka ndani kama makaa, na besi ikipita hapo inatoka nene, tamu, kama uji umepigwa vizuri. Hizi za kisasa za transista sauti yake ni kavu.

Alikuwa na seti mbili. Ya kwanza, kisanduku kidogo chenye valvu mbili tu mbele, na nyuma pawa ya transista, nyepesi, unabeba na mkono mmoja. Ya pili ilikuwa kitu! Valvu mbele, valvu nyuma, nane kwa jumla, imefunikwa wavu wa chuma, na ukiiwasha inakuangalia kama simba.

Nduku akasema, "Mum, mimi nataka hii ndogo. Valvu za mbele ndizo zinanipa ule utamu. Huko nyuma nataka nguvu tu."

Ojwang naye, "Hata mimi ningemwambia hivyo. Hii kubwa inataka stima safi. Stima ya kwenu ikoje?"

"Stima ya kwetu ni stima," nikamjibu.

Kwa sababu nilikuwa nimeshamsoma. Anataka msichana wangu aende na kisanduku, ndio simba abaki wa Marvin. Nikasema mbele yake, "Miezi saba mtoto ananusa moshi wa kuchomelea, apewe kitu kinatoshea kwa kiondo? Tunachukua hii kubwa."

Nduku aliangalia kile kisanduku mara moja. Akasema, "Sawa Mum."

Tuliileta na mkokoteni. Nilihakikisha tumepita mbele ya mlango wa Aoko polepole.

Jumatano, 26 Machi

Saa nane mchana Nduku aliiwasha. Sufuria zangu zilitetemeka kwa rafu. Watu walitoka nje, hata Wakarima, keateka wetu mkali anayesimamia ploti, alisimama kwa geti akitingisha kichwa. Aoko alifunga mlango. Nimefurahi mpaka nikasahau kula.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu Ijumaa. Baridi ikiingia watu wanataka muthokoi ya moto, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na muthokoi ya 46 ni yangu, wanatoka mpaka Riruta Satellite kuniulizia. Zamani nilikuwa natokosa alfajiri peke yake. Sasa nimeongeza koil ya pili, lile jiko la waya la stima, natokosa tena jioni. Stima iko ndani ya kodi, unalipa ile ile ukitumia ukikosa kutumia, kwa hivyo hapa kila nyumba ina koil chini ya kitanda, na kila nyumba inamwambia Wakarima haina. Mimi zangu naziweka nyuma ya pazia.

Jumatatu, 14 Aprili

Mashine imeanza kuugua. Nduku akipiga jioni sauti inatoka imelegea, inanguruma kama mtu ana mafua, halafu inazama. Mchana ilikuwa simba. Jioni ni paka.

Alhamisi, 17 Aprili

Tena.

Jumamosi, 19 Aprili

Tena. Na nimekaa nikafikiria. Ni nani anafaidika Nduku akiharibikiwa? Ni nani mlango wake uko chini kabisa ya pale waya wa stima unapoingilia?

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimemwambia. Nilimpata akianua nguo.

"Mama Marvin, umefanya nini kwa waya?"

"Waya gani?"

"Usiniulize waya gani. Kila jioni mtoto wangu akishika gitaa, stima inakimbia. Umepanda juu ya paa ukakata nini?"

Aliweka beseni chini. "Mimi? Nipande mabati na hizi magoti? Mama Nduku, hata kwa choo naingia nikishikilia ukuta."

"Basi umemtuma Marvin."

Hapo ndipo alibadilika uso. "Mtaje mimi. Marvin usimtaje. Huyo kijana tangu babake afe hajawahi kushika kitu ya mtu. Wewe unajua."

Najua. Lakini sikumwambia najua. Nilimwambia, "Mchawi ni mchawi hata akiwa na magoti," nikaingia ndani. Aliongea peke yake huko nje nusu saa, mengine kwa Kijaluo ili nisisikie vizuri. Nilisikia vizuri.

Nduku aliniuliza, "Mum, una uhakika?" Nikamwambia mama akisema kitu ana uhakika.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika hii haraka, hainifurahishi.

Nduku alimwita Ojwang. Alikuja na mita, ile ya sindano mbili, nyekundu na nyeusi. Nilihakikisha Aoko yuko, nilimwita kwa sauti. "Njoo usikie shemeji yako akisema umefanya nini." Akaja. Wakarima pia akaja, na mama wawili wa mlango wa mwisho ambao hakuna mtu aliwaita.

Ojwang akaingiza sindano kwa soketi. "Mia moja sitini na tano," akasema. "Inafaa kuwa mia mbili arobaini. Valvu zina njaa, mama. Hazijaharibika. Zina njaa tu."

"Si ndio nasema! Kuna mtu anakula stima!"

Yeye akanusa. Mwanamume alinusa nyumba yangu kama mbwa wa polisi. Halafu, kwa adabu sana, "Mama, nyuma ya hiyo pazia kunapikwa nini?"

Nduku ndiye alifungua pazia. Koil zangu mbili zilikuwa nyekundu tu, sufuria mbili zikichemka.

"Zima moja," Ojwang akasema. Nduku akazima. Mia mbili. "Zima ya pili." Mia mbili thelathini. Nduku akagusa uzi mnene wa gitaa, na simba akaamka, sufuria zikatetemeka.

Wakarima alifungua mdomo aongee juu ya koil, mama mmoja wa mlango wa mwisho akaanza kurudi nyuma pole pole kwa sababu yake pia ilikuwa inawaka, na Wakarima akaufunga. Aoko alicheka. Hakucheka kwa nguvu. Alicheka ndani ya pua, akaniangalia kutoka miguuni mpaka kwa kitambaa, akasema, "Mchawi ana harufu ya maharagwe," akaenda zake.

Hiyo sitasahau.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeenda kuuza, nimerudi, mashine kubwa haiko. Nduku ameirudisha Kibera akachukua kile kisanduku na pawa yake ya transista. Bila kuniuliza.

"Mum, wewe unahitaji kupika," akasema. "Mimi nahitaji kucheza. Hii ya nyuma inavumilia, inakunywa stima yoyote ile unaipa."

Nimemwambia amenivua nguo mbele ya adui. Akasema adui nimemtengeneza mwenyewe. Sijaongea na yeye tena leo.

Jumanne, 29 Aprili

Sijaongea na yeye.

Jumatano, 30 Aprili

Alipiga jioni koil zote mbili zikiwaka. Besi ilisimama. Tamu. Sikumwambia.

Jumatatu, 5 Mei

Nilijua! Nilijua tangu Kibera! Ile mashine kubwa imeingia kwa Aoko. Wanaume wawili wameibeba, Marvin nyuma akisema polepole, polepole, na Aoko mbele akiongoza kama harusi. Alipofika kwa mlango wangu alisimama ati kufunga lesso.

"Mama Nduku, sasa. Umeshindaje?"

"Nimeshinda vizuri. Naona umeokota kile tulichotupa."

"Tumeokota, eh. Kuna watu hawajui kutunza."

Wacha aringe. Ile mashine mimi najua inaogopa nini.

Jumapili, 11 Mei

Mvua. Matope mpaka kwa madhabahu. Tumesalimiana na Aoko wakati wa kupeana amani, kidole kimoja kimoja.

Jumanne, 20 Mei

Nduku anapiga zile nyimbo nne za Mwalimu Geoffrey mpaka napika nazo kwa sufuria. Mahali gani anaingia, mahali gani anasubiri, mimi najua zote. Nimewaambia wateja wangu wote, mpaka yule askari wa benki: tarehe moja mwezi wa sita mtasikia jina. Mmoja akaniuliza, na huyo mwingine je? Nikasema huyo mwingine atabeba nyaya.

Ijumaa, 30 Mei

Jambo limetokea sijui nilipange wapi.

Aoko alibisha mlango. Hajawahi kubisha, huwa anaita akiwa nje. Aliingia, akakataa kiti, akasimama hapo karibu na pazia.

"Mama Nduku, sikuja kwa ubaya. Kesho saa nane mpaka saa kumi. Nimeongea na kila nyumba wazime koil, wote wamekubali. Imebaki wewe."

"Na mimi nizime ndio Marvin amshinde Nduku?"

"Ndio Marvin asikike. Kushinda ni yao wawili." Akavuta pumzi. "Huyo kijana halali. Mkono umefanya malengelenge. Mimi sitaki apewe. Nataka asikike tu."

Nilimwona amezeeka. Kwa miezi mitatu nimemwangalia kila siku na sikuwa nimeona nywele zake ni nyeupe hapa mbele. Nikamwambia, "Nitazima."

"Asante, mama."

Sasa naandika na sijui kwa nini alisema mama.

Jumapili, 1 Juni

Sikwenda kanisani. Naandika ya jana.

Nilizima. Saa saba na nusu nilizima zote mbili, nikavaa ile nguo ya bluu, nikaenda. Mvua ilikuwa inanyesha. Watu walikuwa kama thelathini, na Mwalimu Geoffrey amekaa na daftari kwa magoti.

Nduku alianza. Watu waliangalia kile kisanduku wakanong'onezana, na Geoffrey mwenyewe akauliza, "Ni hicho tu?" Nduku akasema, "Ni hicho tu, Mwalimu." Halafu akacheza. Jamani. Mvua inapiga mabati na bado unasikia kila noti imesimama mahali pake. Wimbo wa tatu Geoffrey alifunga macho. Akaandika kitu kwa daftari, akafunga daftari. Mimi nilikuwa nataka kupanda juu ya benchi.

Aoko alikuwa ng'ambo. Alipiga makofi. Niliona.

Halafu Marvin akawasha ile kubwa. Nilitoka kabla aanze, nilisema naenda kuangalia nyumba kama inavuja. Huo ndio ukweli, nilikuwa naenda kuangalia. Nimefika mlangoni kwangu, nikamsikia kupitia ukuta wa bafu.

Alikuwa mzuri.

Sitaki kuandika hii lakini ndiyo ilivyokuwa. Alikuwa mzuri, haangalii vidole tena, unasikia mtu ambaye haangalii vidole. Na mashine ile, ikiwa imeshiba stima, ilitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa yetu. Ilipita chini ya mlango ikanipanda miguuni. Nikasema moyoni, huyu anamshinda Nduku. Baada ya yote niliyosema pale kwa bomba, baada ya askari wa benki, huyu anamshinda.

Nikavuta pazia nikawasha ya kwanza. Nikawasha ya pili.

Koil huchukua kama dakika kuwa nyekundu, lakini stima haingoji uone wekundu. Besi ililegea hapo hapo. Ikazama. Nikasikia Marvin akianza tena, ikazama tena, na watu wakaanza kuguna. Nilisimama hapo na mwiko mkononi, na wala sikuwa nimeweka sufuria. Koil zinawaka juu yake hakuna kitu.

Nduku aliingia amelowa. Aliangalia koil. Aliangalia hakuna sufuria. Hakunipigia kelele. Alichomoa moja, akachomoa ya pili, akazishika na lesso yangu akatoka nazo kwa mvua, zikifuka, mpaka ndani ya kanisa. Nilimfuata nikiita, "Nduku! Nduku, ngoja tuongee!" Hakugeuka.

Akaziweka chini mbele ya Mwalimu Geoffrey. "Ni sisi," akasema. "Ni kwetu. Wacha Marvin arudie."

Marvin akasema, "Nduku, wacha tu, si lazima."

"Rudia, buda. Usinifanyie hivyo."

Akarudia. Nyimbo zote nne. Nilisikiza nikiwa mlangoni, hakuna mtu alinipa nafasi ya kuingia na hakuna mtu alinifukuza. Aoko hakuniangalia hata mara moja. Ningependa anitukane.

Alipomaliza, Geoffrey alisimama. Halafu alifungua lile daftari akalishika juu watu waone. Lilikuwa na jina moja, limeandikwa kubwa: NDUKU.

"Niliandika hili jina kwenye wimbo wa tatu wa huyu msichana," akasema. "Kabla Marvin aguse gitaa. Na hata sasa, Marvin amecheza vizuri sana, lakini nisingebadilisha." Akanitazama mimi, si Nduku. "Lakini nikimpeleka Machakos, hii ploti yote itasema alipelekwa na koil. Kila mahali tutapiga, watu watasema hivyo. Na mimi siwezi kusimama mbele ya watu nikijibu hayo."

Akakata jina. Nilisikia kalamu.

Marvin ndiye anaenda.

Watu walipotoka, Aoko alinipitia mlangoni. Nikasema, "Mama Marvin." Akasema, "Toka kwa njia, nimebeba gitaa ya mtoto." Nikatoka kwa njia.

Nduku alikunja nyaya zake moja moja. Tulirudi nyumbani, hatua ishirini. Akaketi kitandani na viatu vya matope, ndio akaniuliza.

"Mum, umeambia kila mtu hapa 46 hakuna mtu ananishinda."

"Ndio."

"Sasa wewe mwenyewe hukuwa unaamini?"

Nilianza kuosha mwiko ambao haukuwa mchafu.

Jumatatu, 2 Juni

Sikupika.

Jumanne, 3 Juni

Sikupika. Wateja wamebisha. Nduku alienda Kibera kazini, akarudi, akala mkate.

Jumatano, 4 Juni

Gari la bendi limeondoka asubuhi. Marvin alikuja kuaga Nduku, wakaongea kwa kona juu ya nyuzi na mahali pa kuingia kwa wimbo wa pili, Nduku akimwonyesha na vidole hewani. Mimi alinisalimia, "Sasa, mama." Nikasema poa.

Gari lilipokata kona nikamwambia Nduku, tukiwa bado tumesimama barabarani, kwa sababu ndani ya nyumba nimejaribu siku tatu nikashindwa.

"Niliogopa," nikamwambia. "Nilikuwa naamini mpaka nikamsikia Marvin. Hapo nikaogopa."

Aliangalia kule gari limeenda.

"Mimi pia nilimsikia, Mum," akasema. "Nilikuwa karibu na yeye kuliko wewe. Mimi sikuogopa."